Queen of Katwe ya kutafsiriwa: Urusi imekwenda wapi?

Kabla hujatoa flashi yako na kumkabidhi kijana wa kibanda cha muvi mtaani kwako akuwekee Queen of Katwe ya Kiswahili, muulize swali moja tu: Urusi ipo? Akikuangalia kama hajakuelewa, rudisha flashi mkobani na nenda zako. Ya kwangu haikuwa na Urusi, na mpaka sasa naandika damu inanichemka.

Filamu yenyewe naijua vizuri: ni kisa cha kweli cha Phiona Mutesi, binti wa Katwe, mtaa wa mabanda Kampala, Uganda, aliyekuja kuwa mchezaji wa chesi. Niliiona kwa Kiingereza ilipotoka, 2016, na nimeirudia mara nyingi tu, kwa hiyo simlaumu mwongozaji wake, Mira Nair, hata kidogo. Yule mama ameishi Kampala miaka mingi, na unaona kabisa kwamba kamera iko mikononi mwa mtu anayezijua zile barabara. Hakuna ule umaskini wa kuchorwa ili mgeni atoe machozi na mchango. Watu wa Katwe wanauza, wanadaiana, wanasutana, wanacheka. Lupita Nyong'o kama Harriet, mama wa watoto, kwangu hajawahi kucheza vizuri zaidi ya pale, Oscar yake ibaki huko iliko. Na binti aliyecheza Phiona Mutesi, Madina Nalwanga, hakuwa mwigizaji. Walimtoa kwenye kikundi cha ngoma hukohuko Kampala. Ukimtazama macho yake anapofikiria kete, unasahau kuna mtu alikuwa anamwelekeza.

Shida yangu ni toleo. Mama mkwe wangu yuko kwetu tangu mvua zilipoanza. Kiingereza hajui na hana mpango nacho, na mimi nilitaka sana aione hii filamu, maana ni mwanamke aliyelea watoto peke yake kwa kuuza vitumbua. Kijana wa kibanda akasema anayo iliyotafsiriwa, shilingi mia tano. Nikafurahi. Mimi ni mtoto wa enzi za Lufufu, yule mtafsiri wa muvi wa zamani; watu wa kutafsiri muvi, wanaosimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya filamu, ndio walionifundisha kupenda filamu, siwadharau. Kampala kwenyewe wako tele, wanaitwa ma-VJ, na naamini Katwe ile ile kuna mabanda watu wanatazamia filamu hivyohivyo.

Tukakaa. Mtafsiri (simtaji jina, mwenyewe analitaja kila baada ya dakika chache) akaanza vizuri. Phiona anatembeza mahindi barabarani, halafu anamfuata kaka yake Brian mpaka mahali Robert Katende anapofundisha watoto chesi na kuwagawia uji. Mtafsiri akasema, "Chesi kisingizio, mtoto kafuata uji." Mama mkwe akacheka mpaka akajifuta machozi. Na ni kweli, hata kwenye filamu uji ndio uliomvuta. Chesi akaiita drafti, nikanyamaza. Mtoto akila kete ya mwenzake, yeye anapiga kelele "Kingi!" kama yuko kijiweni Mbagala, nikanyamaza pia. Harriet alipokataza watoto wasiende kule kwa kuwa alidhani ni kamari, mama mkwe akaunga mkono kwa nguvu zote: "Kamari hiyo, mama kasema kweli." Mambo yalikuwa yanakwenda.

Kuna sehemu Harriet anakwenda kuuza nguo ya thamani aliyoachiwa na mama yake, apate pesa ya mafuta ya taa, binti asome usiku. Pale mtafsiri alinishangaza. Aliacha utani wote. Alimpa Harriet sauti ya chini, ya mwanamke ambaye hataki mnunuzi ajue ana shida, na yule mnunuzi akampa ile sauti ya "hii imepitwa, mama, leo hawaivai hii". Lupita mwenyewe angesikia angetikisa kichwa. Mama mkwe akauliza, "Kaiuza bei gani?" Sikumjibu, maana alikuwa haniulizi mimi. Na mafuriko yalipoingia Katwe usiku, akajifunga kanga upya palepale kwenye kochi. Aliwahi kukaa Kigogo, Dar es Salaam, mafuriko ya bonde la Msimbazi anayajua. Mpaka hapo nilishapanga kuandika sifa tupu.

Sasa sikilizeni.

Phiona anashinda mashindano ya hukohuko Uganda, anapelekwa Sudan na wenzake, wanarudi na ushindi. Akirudi anaanza kubadilika. Kazi za nyumbani hazitaki tena, mama yake anamtazama kama mgeni. Filamu haimfichii hilo, inamwacha aonekane na kiburi chake cha kitoto. Ndipo inakuja Olimpiadi ya chesi, mashindano ya timu za nchi mbalimbali, Urusi. Hii si ya kutungwa: ilikuwa 2010, mji wa Khanty-Mansiysk huko Siberia, na Phiona wa kweli alikwenda. Kule anakutana na watu waliokuwa wakisomea mchezo huu tangu wadogo, wana walimu, wana vitabu. Anafungwa na Mkanada. Si kufungwa kwa bahati mbaya. Anafungwa na mtu aliyemzidi, na yeye anajua kwamba amezidiwa. Ile sehemu ndiyo filamu nzima. Anarudi Katwe amevunjika, hataki kuona kete, kwa sababu alikuwa ameshajiaminisha kwamba chesi ndiyo mlango wa kutokea, na sasa mlango umemfungia usoni.

Kwenye toleo la shilingi mia tano, ndege inapaa, mtafsiri anasema, "Mtoto wa masikini kapanda pipa, anakwenda majuu!" Picha inaruka. Tuko Katwe. Binti kanuna.

Basi. Urusi imekwisha. Hakuna theluji, hakuna ule ukumbi mkubwa, hakuna Mkanada, hakuna kufungwa. Na mtafsiri, badala ya kusema hata neno moja la kuziba lile pengo, akasema, "Karudi na maringo yake."

Mama mkwe akaniangalia. "Unaona? Mtoto kapanda ndege, sasa hata mama yake hamwoni mtu. Mimi ningemnyima chakula siku tatu, ndege imtoke kichwani."

Mnaelewa kilichofanyika hapo? Mtoto ambaye moyo wake umepasuka amegeuzwa mtoto jeuri. Katende anapokaa naye na kumbembeleza, mama mkwe anamkasirikia Katende, eti anamwendekeza. Harriet anapomhurumia binti yake, mama mkwe anasema ndiyo maana watoto wa siku hizi wanaharibika. Kila kilichofuata kilisomeka kinyume. Nikasimamisha muvi nikaanza kueleza: mama, alikwenda Urusi, akafungwa, akalia. Akaniuliza, "Wapi? Mimi sijaona." Na kweli, alikuwa hajaona. Watoto wangu nao wakanigeukia kama ninatunga. Nilijikuta nimesimama mbele ya televisheni naigiza Urusi nzima kwa mikono, na kisahani cha sukari kama saa ya chesi. Mama mkwe akanisikiliza kwa adabu, kama anavyosikiliza watu wa bima.

Hapo ndipo nikaanza kukumbuka na mengine niliyokuwa nimeyasamehe. Kuna mtoto mdogo, Gloria, ndiye anayemfundisha Phiona namna kete zinavyokwenda. Anamwonyesha kwamba ile kete ndogo kabisa ya mbele ikivuka mpaka mwisho wa ubao inakuwa malkia. Ile sehemu, neno lile, mtafsiri hakulitafsiri. Alikuwa anatangaza namba yake ya simu, kwamba anapokea matangazo ya harusi na maduka ya vipodozi. Juu ya sauti ya yule mtoto! Aliyemwigiza Gloria ni Nikita Waligwa, na amefariki, Februari 2020, kwa uvimbe kwenye ubongo, akiwa na miaka 15. Najua mtafsiri pengine hajui. Hilo halinipozi. Una mtoto pale anasema jambo linalobeba filamu nzima, wewe unauza vipodozi.

Niseme ukweli lakini, maana huyu jamaa hakunipa raha ya kumchukia moja kwa moja. Mwishoni kabisa, waigizaji wanasimama mmoja mmoja pembeni ya watu wa kweli waliowaigiza. Nilijua hapo atakata, ataweka namba yake ya simu tena. Hakukata. Akasema, "Tulia hapo mtazamaji, huyu siyo wa kuigiza, huyu ndiye mwenyewe! Na huyu ndiye mama mzazi mwenyewe!" Kwa furaha kabisa, kama amewakuta stendi. Mama mkwe akanyanyuka. "Kumbe ni kweli? Huyu mama yupo?" Akasogea karibu na skrini kumwangalia Harriet wa kweli, akamsalimia. Nikasema moyoni, haya, nimekusamehe. Nikafuta hata ile meseji ya hasira niliyokuwa nimeanza kumwandikia mtu wa kibanda.

Nikaenda mwenyewe, kesho yake au keshokutwa, kwa upole kabisa, nikidhani labda faili limeharibika. Nje ya kibanda vijana wanacheza drafti.

"Kaka, ile muvi ya Katwe haina Urusi."

"Urusi gani?"

Nikamweleza.

"Aaah, ile tumeitoa dada. Pale watu wamekaa tu, wanaangaliana. Hakuna ngumi, hakuna mapenzi. Mteja anasinzia."

"Lakini pale ndipo anapofungwa."

"Sasa dada yangu, mtu atoe hela yake aone stelingi anafungwa? Stelingi hafungwi, hata mtoto anajua."

Nikamwambia basi anipe nzima, nitaongeza pesa. Akacheka, akawageukia wa drafti ili wasikie na wao: "Mia tano hiyo, dada alitaka imfikishe mpaka Urusi!" Wakapasuka. Mmoja akaniambia viza ni ghali. Nilisimama pale, mtu mzima na mkoba wangu, nikakosa neno. Nimelipata sasa hivi ninapoandika lakini halifai kuandikwa.

Stelingi hafungwi. Phiona wa kweli alifungwa sana! Olimpiadi iliyofuata, Istanbul 2012, alipata cheo cha Woman Candidate Master, na hicho ni cha chini kabisa katika vyeo vya chesi vya wanawake. Hakuwa bingwa wa dunia na filamu haidai hivyo. Alicheza, akafungwa, akarudi ubaoni, shule ikafunguka, baadaye akaenda chuo kikuu Marekani. Ungetaka kuitengeneza hadithi hii kwa ajili ya vijana wanaoshinda kijiweni bila kazi, usingepata bora kuliko hii, kwa sababu inasema wazi kwamba ukitoka chini utakutana na waliotangulia mbali, na siku ya kwanza watakuchapa. Nyie mmekata hiyo, mmebakiza uji na ndege.

Tena kingine. Katende kwenye filamu anacheza mpira wa kulipwa kidogo ili apate ada ya mashindano ya wale watoto, na kazi ya uhandisi anaikataa. Hiyo waliibakiza kwa sababu kuna mpira. Mpira unaruhusiwa kuwa mrefu. Chesi ndiyo inachosha.

Kwa hiyo hukumu yangu. Filamu, nyota zote, itafuteni nzima popote mnapoweza kuipata kihalali, hata kama Kiingereza kinakupa taabu. Macho ya Madina yanatosha. Toleo hili la kutafsiriwa, sifuri. Haya, moja, kwa ajili ya sehemu ya nguo. Mbili ukiweka na pale mwisho. Lakini ile namba ya simu juu ya Gloria inazirudisha zote mbili, kwa hiyo sifuri, nimemaliza.

Ningemaliza kweli, ila jana narudi kazini namkuta mama mkwe kakaa mbele ya televisheni na flashi mpya. Kamtuma mwanangu kibandani na mia tano yake mwenyewe, kwa sababu kijana yule kamwambia Katwe ina sehemu ya pili. Haina sehemu ya pili! Kilichokuwa kinachezwa ni muvi ya Kinaijeria, kuna mwanamke mwenye taji na wachawi wawili, na mtafsiri ni yuleyule. Nikamwambia mama, huyu siye Phiona. Akaniambia nikae, nisimkatize, Phiona amekua na ameolewa kwa mfalme, na sasa hivi wanasema wanampeleka Urusi.