Gemu ya kujenga mji: nunua ipi, na kwa nini mashabiki wa SimCity hawakuikubali ile ya 2013

Malalamiko ninayoletewa ni yaleyale. Mtu kaikuta SimCity ya 2013 kwenye ofa, picha kali, kalipa, kacheza siku chache na mji umejaa hana pa kujenga. Akilalamika anaambiwa mashabiki wa zamani ni wabishi tu. Jamani si hivyo, shabiki ukimrahisishia menyu anashukuru, ila hii imerahisishwa kwa kukata vitu alivyokuwa navyo tayari.

Kwa hiyo mimi picha wala muziki siangalii. Naangalia ardhi. Unapewa ardhi kiasi gani?

Namba moja ni SimCity 4 Deluxe na sibishani na mtu. Ni ya 2003, nyongeza ya Rush Hour imo humohumo. Mji mkubwa una kama kilomita 4 kwa 4, na miji inagusana mpakani, yaani barabara uliyoifikisha ukingoni mwa mji huu unaiendeleza mji wa jirani, umeme na maji mnauziana, hadi mkoa mzima unakuwa jiji moja. Milima unaichonga mwenyewe kabla hujajenga hata nyumba. Bajeti inabana mwanzoni, ukikimbilia shule na hospitali unafilisika, na mimi napenda hivyohivyo.

Sasa ile ya 2013 ninayoiweka mkiani: kilomita 2 kwa 2, basi, robo ya eneo, na kati ya mji na mji kuna pori huwezi kuligusa. Treni za chini ya ardhi hakuna, mashamba hakuna, kuchonga milima hakuna. Halafu ilivyotoka, mfanyakazi akimaliza kazi jioni harudi kwake, anaingia nyumba yoyote ya karibu yenye nafasi, asubuhi anashika kazi ya kwanza anayoikuta, na wote wanabanana njia moja fupi wakati barabara pana ya pembeni iko tupu! Unatatuaje foleni ya hivyo? Ilitaka intaneti hata ukicheza peke yako, seva zikazidiwa wiki ya kwanza, ruhusa ya kucheza bila mtandao ikaja Machi 2014. Ardhi ndiyo haikuongezwa kabisa, Oktoba 2013 waundaji walisema kompyuta za wachezaji wengi hazitaimudu.

Namba mbili ni Cities: Skylines ya 2015, ya timu ndogo ya Colossal Order kutoka Finland. Unaanza na kipande kimoja cha ardhi, unafungua hadi 9, na mods, yaani nyongeza za bure wanazotengeneza wachezaji wenyewe, zinakupeleka mbali zaidi. Kila raia ana nyumba yake na kazi yake, kwa hiyo foleni ukiifuatilia unaona chanzo chake.

Ya bei ndogo ni SimCity 2000, inatosha kwa kompyuta dhaifu. SimCity BuildIt ya simu ni bure ila inakusubirisha ili ulipie.

Kinachoniudhi kwa Skylines ni nyongeza: After Dark kivyake, Snowfall kivyake, Mass Transit kivyake, ukijumlisha zinazidi bei ya gemu yenyewe. Na wauzaji wote wanajaza ukurasa picha za maghorofa usiku, ila ukubwa wa kiwanja hawauandiki popote, wakati ndicho kitu unachokinunua.