Kipimo cha H. pylori: cha damu au cha choo?

Ukiingia maabara ndogo ya Mtwara mjini ukasema tumbo linawaka, kinachotolewa mara nyingi ni kikaseti cha plastiki cha kupima H. pylori, bakteria wa mfuko wa chakula, chenye herufi C na T. Kipo cha damu na kipo cha choo. Kwa macho vinafanana, kwa kazi haviendani kabisa.

Cha damu tunakipa maksi za chini. Kinasoma kingamwili, yaani alama kwamba mwili uliwahi kupambana na bakteria hawa. Aliyekwisha kunywa dawa na kupona anaweza kuendelea kuonyesha mstari miezi mingi, akaandikiwa dozi nyingine ya bure.

Cha choo kinatafuta bakteria wenyewe, na ndicho cha kulipia. Kinyesi kidogo huchukuliwa kwa kijiti, kikakorogwa kwenye kichupa cha maji yake, kisha matone machache hudondoshwa kitunduni. C isipotoa mstari, kipimo kimekufa, kifunguliwe kingine. Mstari wa T ukitokea ndani ya muda ulioandikwa, hata uwe hafifu, wapo. Uliojichora baada ya kikaseti kusahauliwa mezani si jibu. Maboksi mengi yameandikwa nyuzi 2 hadi 30 za Selsiasi. Chumba cha bati kisicho na feni mwezi Desemba kinazipita. Pakiti ichanwe mbele yako, maana unyevu wa pwani huharibu karatasi ya ndani.

Kosa kubwa hufanyika nyumbani: omeprazole, dawa ya kupunguza asidi tumboni. Dawa hii huwapunguza bakteria, kipimo kikasema hawapo. Iachwe wiki 2 kabla ya kupima, na antibayotiki wiki 4; aliyeandikiwa omeprazole kwa kutokwa damu amuulize daktari kwanza. Aliyemaliza matibabu apime tena baada ya wiki 4, si siku ya kidonge cha mwisho.

Ushauri wa dirishani ndio unaoangusha huduma hii. Pilipili marufuku, maharage marufuku, ng'onda, yaani samaki mkavu wa chumvi, hatajwi! Tangu 1994 Shirika la Utafiti wa Saratani la WHO limewaweka H. pylori kwenye kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa. Wengi wenye bakteria hawa hawaipati, lakini chumvi nyingi huuumiza utando wa mfuko wa chakula na kuwarahisishia kazi. Sigara nayo huongeza hatari. Ng'onda au papa mkavu aliyeganda chumvi nyeupe mgongoni alowekwe usiku kucha, maji yabadilishwe mara mbili tatu, na mchuzi wake usitiwe chumvi nyingine. Kiwango cha WHO ni chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko cha chai kisichojaa, pamoja na iliyomo ndani ya samaki.

Swali lingine lisiloulizwa: umewahi kukatwa sehemu ya mfuko wa chakula kwa ajili ya vidonda? Nyongo hurudi kwenye kipande kilichobaki, na hatari ya saratani hupanda miaka 15 hadi 20 baadaye, wakati kovu limeshasahaulika. Huyo kikaseti hakimtoshi, anahitaji kamera ya tumboni.

Kipimo chenyewe, cha damu au cha choo, hakioni saratani. Mwenye kinyesi cheusi kama lami, anayetapika damu, anayekwamwa na chakula au anayekonda bila sababu asipoteze hela dirishani: aende moja kwa moja hospitali ya Ligula, na wa Lindi aende hospitali ya Sokoine.