Tamasha la gemu Kisumu: dawati la kuazima nyota tano, mlango na usalama nyota moja

Nimerudi Kakamega jana usiku na bado niko na hasira, lakini pia kuna kitu kizuri niliona huko na sitaki kipotee kwa hiyo hasira, kwa hivyo wacha niandike sai kabla kichwa hakijapoa. Ni lile tamasha la gemu za mezani la wikendi hii Kisumu, Jumamosi na Jumapili, kwa ukumbi fulani pande za Milimani. Jina siweki. Waandalizi ni vijana wanajaribu na sitaki mtu aende kuwatusi, na wenye walikuwa ndani wanajua ni gani.

Tiketi ilikuwa 500 kwa siku ama 800 zote mbili, unapewa bendi ya karatasi mkononi. Meza zilikuwa za kutosha, viti pia, mwanga poa. Chakula sawa, chapo madondo na samaki wa kukaanga, foleni ndefu mchana lakini inasonga. Vyoo Jumapili vilikuwa vimechoka. Hayo yameisha.

Sasa dawati la kuazima gemu. Hapa ndio nataka kukaa kidogo kwa sababu sijawahi kuona huduma imefikiriwa hivi hapa kwetu. Mahali pengi ukienda wanakuitisha kitambulisho, unaacha kwa kikapu na vitambulisho vingine mia, mtu yeyote akipita anaweza beba chako, na wewe unacheza ukiwa na wasiwasi mchana mzima. Hawa hawakuchukua kitambulisho cha mtu. Unalipa dipoziti ya 200 kwa M-Pesa, unapewa gemu, ukirudisha unarudishiwa 200 yako hapo hapo. Lakini dipoziti hata sio ile kitu ilinifurahisha. Ni kuhesabu. Kila boksi lilikuwa na karatasi imebandikwa ndani ya kifuniko, imeandikwa kwa mkono vitu vyote viko ndani, na yule dada wa dawati hakupi boksi mpaka mhesabu pamoja. Aliniambia, "Uncle, ebu tuhesabu na wewe, ukirudi tutahesabu tena." Nikamwambia sawa dada, na tukahesabu. Scrabble vigae 100, vile viwili tupu vikiwa ndani. Chesi 32. Catan ile vipande vya ardhi 19 na kadi za mali 95, kila aina 19. Ticket to Ride mabehewa 45 kwa kila rangi na rangi ziko tano, hiyo peke yake ni vitu 225 na huyo dada alizihesabu bila kununa, foleni ikiwa nyuma yangu. Kulikuwa hata na bao la kiswahili lenye mashimo 32 na kete 64, za komwe kabisa, nazo zilihesabiwa zote.

Mtu asiyecheza ataona hiyo ni kupoteza wakati. Mwenye anacheza anajua gemu ikipoteza kipande kimoja wakati mwingine imekufa yote. Komwe ikipotea unaweza tafuta mbegu ingine ama kokoto, bao linaendelea, lakini kadi moja ya Catan ikienda kila mtu mezani ataanza kuhesabu vibaya, na Scrabble bila herufi moja sio Scrabble. Na mara nyingi hakuna mtu ameiba, kipande kimeanguka chini ya meza ama kimeingia kwa mkono wa sweta. Kwa hivyo mkihesabu pamoja, mwanzo na mwisho, hakuna mtu anashukiwa. Kikikosekana mnainama wote mnatafuta. Hiyo ndio heshima naongelea.

Na ilifanya kazi. Jumamosi saa tisa hivi niko hapo narudisha boksi, nikaona dogo wa kama miaka kumi anakimbia kutoka getini anapumua mbaya. Yeye na wenzake wanne walikuwa wametoka Nyalenda, ule mtaa wa mabanda hapo Kisumu, kwa miguu kuja kucheza kwa zile meza za bure, zile za kufundisha watu wapya. Akaweka behewa moja la njano kwa dawati, kitu ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. "Auntie, hii ilibaki kwa mfuko yangu, nilikuwa nimefika kwa barabara nikaisikia." Dada akatoa boksi, akahesabu za njano mbele yake, 45, akamwambia asante sana baba, na akamwandika jina kwa daftari kwamba kesho acheze bure gemu yoyote anataka. Niliona uso wa huyo mtoto. Shikeni hiyo picha maana narudi kwake.

Kona ya wauzaji ilikuwa nzuri lakini kaeni macho. Mama mmoja anauza dadu na gemu za mitumba, kijana akaja akachukua boksi la 3,500, akamwonyesha simu, "Mathe si unaona, imetoka." Mama akaangalia simu yake, kweli meseji iko, maneno yote kama ya M-Pesa, hata salio limeandikwa. Lakini huyo mama ni mjanja, akaona meseji imetoka kwa namba ya kawaida ya 07, na meseji ya ukweli huwa imeandikwa MPESA pale juu, sio namba. Akamwambia pole pole, "Kijana wangu, ngoja niangalie salio," na kufika hapo kijana ameshaacha boksi na ameyeyuka. Kwa hivyo wauzaji, msisome meseji, fungueni salio. Na hata hela ikiingia ya ukweli muwe makini, kuna mtu anaweza lipa kwa namba yako ya kawaida halafu akitoka nje anatuma ile meseji 456 anaitisha irudishwe eti alikosea namba. Tumieni till, ile namba ya biashara.

Wanaonunua nao: kadi feki zipo. Kama ni Magic: The Gathering, ile gemu ya kadi za kukusanya na kubadilishana, geuza kadi uangalie vidoti vitano vya rangi pale nyuma katikati. Beba lenzi ndogo, ile ya fundi wa saa inatosha, angalia kidoti cha kijani, kwa kadi halisi utaona ndani nukta nne ndogo nyekundu zimejipanga kama herufi L. Feki nyingi zinashindwa hapo. Muuzaji akikataa uangalie, achana naye.

Sasa ile kitu iliniudhi.

Jumamosi jioni kijana wa Form Three alipoteza faili lake la kadi. Kwa wenye hawajui, haya mafaili yana kurasa za plastiki zenye mifuko tisa tisa, unaweka kadi zako unabeba kubadilishana na wenzako. Kadi za kwake alitumiwa na shangazi yake ako Marekani, kidogo kidogo kwa miaka minne. Aliliweka mezani akicheza, watu wamejaa nyuma yake wanaangalia, kumaliza gemu faili halipo. Alilia mbele ya watu. Na usimwambie ni karatasi tu, kadi moja ya Magic inaitwa Black Lotus, ya 1993, iliuzwa zaidi ya dola 500,000 mwaka wa 2021, zake hazikuwa za kiwango hicho lakini zilikuwa zake.

Waandalizi walifanya nini? Walifunga mlango. Soja akaambiwa asitoke mtu kabla hajapekuliwa. Na mimi nilikuwa nimesimama hapo, niliona kwa macho yangu nani alipekuliwa na nani hakupekuliwa. Wale wa fulana za timu za gemu, wenye mabegi makubwa ya mgongoni yenye magurudumu na mifuko mingi, waliulizwa "boss uko na kitu?" wakasema hapana wakapita. Wale watoto watano wa Nyalenda walisimamishwa ukutani. Walivuliwa viatu. Mifuko ikageuzwa nje. Yule wa behewa la njano alikuwa wa tatu kwa laini na hakusema kitu, aliangalia chini tu. Yule dada wa dawati ndiye peke yake aliacha kazi yake akaja kusema, "Hawa nimewahesabia vitu siku nzima, hakuna kitu imewahi kosa kwao." Soja akamjibu ni maagizo. Mimi nilisema kitu lakini nilisema kwa sauti ndogo na nimechelewa.

Jumapili asubuhi faili likapatikana, lilikuwa limewekwa juu ya tangi la maji kwa choo cha wanaume. Kadi zaidi ya mia mbili ziko ndani. Zinakosa tisa.

Fikirieni hapo. Ile tisa hazikuwa kwa ukurasa mmoja, zilikuwa zimetolewa hapa moja, pale mbili, kule moja, na kijana alipozitaja moja moja wenye tunajua tuliangaliana, kwa sababu ndizo hasa zenye bei kwa hilo faili. Zingine zinang'aa kuliko hizo, zina picha kali zaidi za majoka na nini, hizo ziliachwa. Mtoto ameanza kujifunza gemu jana atachukua ile inang'aa. Kujua kwamba kadi ya kawaida yenye haing'ai ndio ya bei, lazima uwe umecheza miaka na unafuatilia soko. Mwizi alikuwa ni sisi. Alikuwa na bendi mkononi, pengine alikaa meza moja na huyo kijana, pengine alimwambia pole.

Na hii sio ya Kisumu pekee. Gen Con, ile ya gemu za mezani kubwa kabisa ya Marekani iliyoanza 1968 huko Wisconsin, sai inafanyika Indianapolis, Agosti 2023 iliibiwa kadi ambazo polisi walisema ni za thamani ya kama dola 300,000. Hakuna mtu aliruka ukuta. Siku ya kupanga vibanda, kabla wageni hawajaanza kuingia, watu wawili walichukua ile trolei ya kuinua paleti, wakaingiza chini ya mzigo, wakavuta wakatoka nao, na hakuna mtu aliwauliza kwa sababu walifanana na watu wa hapo. Kamera ziliwanasa na wakashtakiwa baadaye. Naongea hivi kwa sababu waandalizi wetu waliweka macho yote kwa mtu mwenye hafanani na wao, na huyo mwingine akapita akiitwa boss.

Mnaweza fanya nini mwaka ujao? Hiyo njia mnayo tayari, iko kwa dawati la kuazima. Mtu akiingia na faili ama deki, ile seti ya kadi za kuchezea, ya bei, lipigwe picha kurasa zake pale mlangoni kwa simu yake mwenyewe, apewe tagi yenye namba sawa na ya bendi yake, akitoka namba ziangaliwe, na iwe ya kila mtu, hata sisi wazee wa fulana za timu. Wekeni dawati la kutunza mabegi lenye risiti. Meza za kubadilishana ziwe kando na watu wasirundikane nyuma ya anayecheza. Na kama ni kupekua, anzeni na mwandalizi mkuu mbele ya watu halafu mfuate laini. Na wale watoto watano waombwe msamaha, kwa kwenda Nyalenda, mbele ya wazazi wao. Jumapili hawakurudi. Jina la yule dogo lilikuwa bado kwa daftari, gemu yake ya bure haikuchezwa.

Kwa hivyo: dawati la kuazima nyota tano. Wauzaji nne. Chakula tatu na nusu. Mlango na usalama moja.

Kitu ya mwisho. Kama umenunua kadi za Magic Kisumu, Kakamega ama hata Eldoret tangu wikendi hii, ziangalie. Zile tisa zilikuwa kwa kava za plastiki, kila kadi na yake, za bluu iliyokolea na huyo kijana huweka nukta ya kalamu nyeusi ndani ya kava, kona ya chini kushoto. Kama ulizinunua bila kujua, kosa sio lako. Na kama ni wewe ulizitoa, hata hivyo zirudishe. Yule dada amesema unaweza ziacha kwake ndani ya bahasha bila jina, atazihesabu tisa na atampelekea mwenyewe.