Oveni ya mkaa ya fundi bati: inafaa kwa biskuti na keki za Krismasi na watoto huku Mbeya?

Inafaa, mradi iwe na kuta mbili. Kwa nyumba yenye watoto watatu au zaidi, hela ya oveni nzuri ya mkaa ina kazi kubwa kuliko hela ya mti wa plastiki na taa zake. Ila ile ya ukuta mmoja, nyepesi, inayong'aa, inayopangwa nje ya maduka sikukuu zikikaribia, hatumshauri mtu mwenye watoto ainunue hata akipunguziwa bei. Upande wake wa nje unapata moto sawa na wa ndani, na mkono wa mtoto wa miaka minne uko kwenye kimo hichohicho.

Shule zikishafungwa, watoto wanashinda nyumbani, na mvua za huku zimeshaanza tangu Novemba, kwa hiyo alasiri nyingi hakuna kutoka. Hizo ndizo siku za biskuti. Za kupelekea majirani zinaokwa kwanza, za nyumbani zinafichwa kwenye ndoo yenye mfuniko, na keki inasubiri siku ya mkesha. Kuoka kwenye sufuria lenye mchanga kunatosha kwa keki moja ndogo, lakini biskuti zinazoingia humo kwa mara moja ni chache, na mtoto anachoka kusubiri zamu yake. Oveni yenye trei ya sentimita 40 kwa 30 inachukua biskuti 24 kwa mkupuo mmoja. Umeme ukikatika, kazi inaendelea.

Ukifika kwa mafundi bati, Mwanjelwa au kwingineko, usianze na bei. Anza na droo ya makaa. Ivute nje yote, igeuze, uitazame chini. Bati jeupe la kuezekea, la geji 28 au 30, halifai hapo. Limepakwa zinki, na zinki inayeyuka ikifika nyuzi joto 419. Makaa yaliyokolea na kupata upepo yanapita hapo bila shida. Likianza kubabuka, bati tupu linaliwa na kutu, na baada ya misimu michache droo inatoboka. Droo iwe ya shiti nyeusi, yaani chuma kisichopakwa zinki, angalau geji 18, yaani unene wa milimita 1.2 hivi. Kumbuka namba ya geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Wapo wauzaji wanaoitaja geji 30 kana kwamba ni sifa.

Halafu mlango. Washa tochi ya simu, iweke ndani ya oveni, funga mlango, kisha jifunike kanga kichwani pamoja na mlango ili kuwe na giza. Mwanga unaopenya pembeni ndiko joto litakakotokea. Mstari mwembamba kwenye bawaba hauna neno. Mwanya unaopitisha ncha ya kidole utakufanya uoke keki moja kwa saa mbili, huku upande wa mlango ukibaki mweupe. Mwambie fundi aunyooshe mlango hapohapo kabla hujalipa, maana ni kazi ya dakika chache kwa nyundo na koleo.

Mambo mengine ya kutazama ni madogo lakini yanauma ukiyasahau. Pawe na bati linalotenga droo na chumba cha kuokea, la sivyo majivu yanapanda kwenye biskuti kila ukipepea. Droo iwe na tundu la hewa lenye kifuniko cha kusogeza, kwa kuwa hicho ndicho kidhibiti chako cha moto. Juu ya oveni pawe na kingo za sentimita 4 au 5 za kushikilia makaa. Trei iache nafasi ya sentimita 2 au 3 kila upande ili joto lizunguke. Trei inayobana kuta inaziba joto chini na kuunguza kila kitu kinachokaa juu yake. Kati ya kuta mbili mafundi wengine huacha hewa tupu, wengine hujaza majivu makavu yaliyochekechwa. Yenye majivu ni nzito zaidi, lakini inatunza joto vizuri zaidi, na kwa baridi ya Mbeya, au ya Njombe ambako ni kali zaidi, uzito huo unastahili kubebwa.

Ukifika nayo nyumbani, usioke siku hiyohiyo. Iwashe ikiwa tupu, nje, mlango wazi, kwa saa moja yenye moto mkali, ili mafuta ya kiwandani na rangi iliyopakwa nje vimalize kunuka. Keki ya kwanza yenye harufu ya rangi ndiyo malalamiko ya kawaida kabisa kuhusu oveni hizi, na dawa yake ni hiyo saa moja tu.

Sasa makaa. Mkaa wa miti ya miwati unaotoka Njombe ni mzito na unakaa, ukiwashwa mara moja unatosha kuoka trei mbili hadi tatu za biskuti bila kuongeza. Mkaa wa misindano ni mwepesi: unawaka haraka, unarusha cheche na kuisha katikati ya keki. Mkaa uliolowa mvua nao hufuka moshi, kwa hiyo uingize gunia ndani kabla ya wiki ya kuoka. Washa makaa pembeni kwenye jiko la kawaida mpaka yavae majivu meupe, ndipo uyahamishe kwa koleo. Theluthi moja iende chini, theluthi mbili juu. Wengi hufanya kinyume, na ndiyo maana keki zao huungua kitako huku juu zikibaki rojo. Joto lenyewe hupanda juu. Kazi ya makaa ya juu ni kurangisha na kukausha uso.

Oveni nyingi za hapa hazina kipimajoto. Kipimo chako ni unga. Baada ya dakika 25 za kupasha, nyunyiza kijiko kimoja cha unga wa ngano kwenye trei kavu, ingiza, funga, hesabu dakika 5. Ukitoka na rangi ya krimu, moto bado mdogo. Ukiwa na rangi ya dhahabu, uko kati ya nyuzi 175 na 200, moto wa keki na biskuti. Ukiwa kahawia iliyokolea, ni moto wa mkate: punguza makaa ya juu kidogo, funga tundu la droo nusu, subiri dakika 10, upime tena. Watoto wanaipenda sana hatua hii, na inafaa kuwaachia waamue rangi wao wenyewe.

Kabla ya mapishi kuna jambo ambalo halibadiliki hata mvua inyeshe vipi. Oveni ya mkaa haiingii ndani. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na chumba kilichofungwa kwa sababu ya baridi hujaa hewa hiyo kabla mtu hajajua. Anayeivuta huumwa kichwa, husinzia, na anaweza kufa usingizini. Iweke kwenye baraza lililo wazi pande mbili au chini ya kibanda kisicho na kuta. Hata makaa yanayoonekana kufa, usiyaingize sebuleni ili watoto waote moto. Chora mstari wa chaki mita moja kuzunguka oveni. Anayevuka mstari ni mtu mzima mmoja tu, aliyevaa viatu vya kufunika vidole.

Kuhusu mapishi, kosa kubwa la huku ni kufuata vipimo vya Dar es Salaam bila kubadili kitu. Jiji la Mbeya liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, maji yanachemka takriban nyuzi 94 badala ya 100, na gesi ya beking pauda inatanuka kwa kasi kuliko kawaida. Keki inaumuka upesi, inafika juu kabla mayai na unga havijashika, kisha inadidimia katikati. Mwenye keki hulaumu oveni, wakati oveni haina kosa. Punguza beking pauda kwa robo hivi, punguza sukari vijiko viwili vya mezani kwa kila kikombe, na ongeza maziwa vijiko viwili au vitatu, kwa kuwa huku maji hukauka haraka. Hayahaya yanafaa Iringa. Na usome mfuko wa unga: ukiwa ni wa aina iliyochanganywa beking pauda kiwandani, usiongeze nyingine.

Biskuti za watoto kwanza. Gramu 250 za unga, gramu 125 za siagi, gramu 90 za sukari iliyosagwa, yai moja, nusu kijiko cha chai cha mdalasini au iliki, chumvi kidogo. Beking pauda haihitajiki, na bila hiyo nyota inabaki nyota. Ukiiweka, ncha zinavimba na kila umbo linageuka duara. Piga siagi na sukari mpaka ipauke, weka yai, kisha unga uliochekechwa. Donge likinata, lifunike, liache mahali pa baridi nusu saa. Kwa hali ya hewa ya hapa, dirisha la jikoni linatosha, friji si lazima. Sukuma kwa unene wa milimita 7 hivi. Kukiwa na unene usio sawa, nyembamba zinaungua wakati nene bado ni mbichi, kwa hiyo weka penseli mbili za shule, moja kila upande wa donge, msukumio utembee juu yake: unene unakuwa mmoja hata kwa mkono wa mtoto wa miaka sita.

Wa miaka mitatu hadi mitano wachekeche unga na kubonyeza zabibu juu ya biskuti. Wa sita hadi tisa wasukume na kukata, kwa vikatio vya bati au glasi iliyochovywa kwenye unga. Wa kumi na kuendelea wapime kwa mizani na kushika saa. Kazi ya saa ni muhimu: biskuti zinaiva kwa dakika 10 hadi 12, na trei igeuzwe mbele nyuma dakika ya 6, maana nyuma ya oveni hizi daima ni kali kuliko mlangoni. Zitoe kingo zikiwa za dhahabu na katikati bado laini. Zitakauka zenyewe zikipoa. Zikishapoa kabisa ndipo ziingie ndooni. Zikifunikwa za moto zinatoa jasho na kulainika.

Keki ya mkesha, kwa vipimo vilivyokwisha kubadilishwa kwa ajili ya huku: gramu 250 za unga, gramu 200 za siagi, gramu 170 za sukari, mayai manne ya kisasa au matano ya kienyeji, kijiko kimoja na nusu cha chai cha beking pauda, mililita 140 za maziwa. Loweka gramu 100 za zabibu kavu usiku kucha kwenye chai ya rangi ya Tukuyu iliyokolea, pamoja na ganda la chungwa lililokunwa. Asubuhi zichuje, zikaushe kwa kitambaa, zigaragaze kwenye unga ili zisizame. Chombo kiwe cha sentimita 22, kisijae zaidi ya nusu. Oka dakika 45 hadi 50, na mlango usifunguliwe kabla ya dakika 30 kwisha. Hapo ndipo wengi hushindwa, kwa sababu watoto wanataka kuona. Juu pakikolea mapema, ondoa nusu ya makaa ya juu kwa koleo badala ya kufungua na kufunika kwa karatasi. Ipo tayari kijiti kikichomwa katikati na kutoka kikavu.

Udhaifu wa oveni hii upo. Inakula mkaa, na kwa keki moja ya kila mwezi jiko la gesi lenye oveni ni nafuu na safi zaidi kwa mwenye uwezo wa kulinunua. Inahitaji mtu mzima asiyeondoka. Trei ya pili, hata kama fundi ameweka kingo zake, haitumiki vizuri: iliyo chini inaiba joto la iliyo juu, kwa hiyo oka moja moja. Na vitasa vya chuma kitupu vinaunguza; mwambie fundi aviongezee mpini wa mbao kabla hujaondoka.

Adui mkubwa wa oveni huja baada ya sikukuu. Mvua za huku zinaendelea mpaka Aprili, na majivu yaliyoachwa kwenye droo yanavuta unyevu na kuila shiti kwa ndani. Ikishapoa, mwaga majivu yote, futa kwa kitambaa kikavu, paka mafuta ya kupikia kidogo kwenye droo na bawaba, iache mlango wazi kidogo, na iinue juu ya matofali mawili ili isikae kwenye sakafu yenye maji.