FreeCAD 1.0 katika kuwalea wahandisi mitambo: tathmini ya mhadhiri

Kwa mihula miwili sasa, wanafunzi ninaowasimamia katika somo la usanifu wa mitambo wamekuwa wakichora kwa FreeCAD, programu huria iliyoanza kutolewa mwaka 2002 na kufikia toleo la 1.0 mnamo Novemba 2024. Naandika tathmini hii kwa ajili ya wahadhiri wenzangu, na kwa wanafunzi wanaojiuliza kama programu isiyolipiwa inaweza kubeba somo zima. Naamini inaweza, na sababu yangu kubwa si bei, bali ni kwamba faili la mwanafunzi hunionyesha jinsi alivyofikiri.

Kando ya skrini kuna orodha inayohifadhi kila hatua kwa mpangilio wake: mchoro bapa wa mwanzo, kuuzungusha ili upatikane mwili wa shafti (mhimili unaozunguka), kutoboa tundu, kuviringa kona. Mchoro bapa wenyewe hufungwa kwa masharti, kwamba mstari huu uwe wima, duara hizi mbili ziwe na kitovu kimoja, umbali huu uwe milimita 40, na hapo tu ambapo hakuna kinachoweza kusogea ndipo mistari yote hugeuka kijani. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili aliniletea mchoro wa kijani kabisa, ila ulikuwa na vipimo 14 mahali ambapo 6 vingetosha, kwa kuwa hakuutumia ulinganifu wa pande mbili. Nilipomwonyesha kimoja na kumuuliza kimetoka wapi, alinijibu kwa unyoofu, "Nilikiweka ili mchoro ukubali, Mwalimu." Tulikaa saa nzima juu ya jibu hilo, tukifuta kipimo kimoja baada ya kingine na kuangalia kipi kinatokana na mzigo, kipi na beringi (pete inayoushika mhimili ili uzunguke kwa wepesi), na kipi hakina sababu yoyote. Mazungumzo ya namna hiyo ni magumu kuyapata kwenye karatasi, kwa sababu karatasi huonyesha mchoro uliokamilika tu.

Hata hivyo, kijani hicho kisichukuliwe kuwa idhini ya karakana. Beringi namba 6205 ina tundu la milimita 25, na mwanafunzi akichora shafti ya milimita 25 kamili, programu itaipokea bila swali. Fundi wa mashine ya kukereza atauliza mara moja ni kiasi gani kinaruhusiwa kuzidi au kupungua. Kwa daraja la k6, yaani kiwango sanifu cha tofauti ya kipimo inayoruhusiwa, ambalo hutumika mara nyingi pale shafti inapozunguka pamoja na pete ya ndani ya beringi, kipenyo kinapaswa kuwa kati ya milimita 25.002 na 25.015. Taarifa hiyo lazima mwanafunzi aiandike mwenyewe kwenye mchoro wa karakana, na lazima awepo mtu wa kumfundisha kwa nini.

Sehemu ya uchambuzi wa mkazo (nguvu inayobebwa na kila eneo la umbo), inayotumia kikokotozi huria cha CalculiX, naisifu kwa sharti moja: hesabu ya mkono itangulie. Ufito wa chuma wenye upana na kimo cha milimita 20, urefu wa milimita 500, ulioshikwa upande mmoja na kubebeshwa nguvu ya nyutoni 200 kwenye ncha, hupinda karibu milimita 3, na mkazo wake mkubwa zaidi ni megapaskali 75. Mwanafunzi aliyekwisha kuandika namba hizo daftarini hutambua haraka pale programu inapompa jibu dogo kuliko hilo kwa sababu, katika kuugawa ufito vipande vya kukokotolea, amechagua vya daraja la kwanza, yaani vya aina sahili zaidi, tena vilivyo vikubwa mno, ambavyo huufanya ufito uonekane mkakamavu kuliko ulivyo. Asiyeziandika hustaajabia rangi nyekundu na buluu za picha ya matokeo, kisha akaziweka kwenye ripoti.

Kasoro zipo. Matoleo ya awali yalijulikana kwa tatizo zito: ukibadilisha hatua ya mwanzo, nyuso za umbo zilipewa majina mapya, na hatua zilizofuata, zilizotegemea majina ya zamani, zikavunjika. Toleo la 1.0 limelipunguza sana, lakini halijalimaliza, hivyo nawashauri wanafunzi waegemeze michoro yao kwenye bapa za msingi, zile zisizobadilika ambazo programu hutoa tangu mwanzo, badala ya nyuso za umbo lenyewe. Zana ya kuunganisha sehemu za mashine, ambayo zamani ilibidi itafutwe nje, sasa imo ndani, nayo inatosha kwa sanduku la gia la darasani. Kwa mashine yenye mamia ya sehemu nisingeitegemea. Kompyuta yenye kumbukumbu ndogo nayo huchechemea uchambuzi wa mkazo unapokuwa na vipande vingi, na hapo wanafunzi wangu hulazimika kufanya kazi wawili wawili kwenye mashine moja ya maabara.

Kuhusu leseni sina mengi. Haina tarehe ya kuisha wala haimbagui mwanafunzi na mhitimu, kwa hiyo faili alilochora mwaka wa pili ataweza kulifungua akiwa tayari kazini, na mimi naweza kulifungua nyumbani usiku ule ule aliponitumia, nikaipitia orodha yake ya hatua, na kumwandikia swali la kujibu kabla hatujakutana asubuhi.