Uzoefu wangu na Little Women: hesabu sura kabla hujalipa

Ukiikuta riwaya hii ya Louisa May Alcott kwa wauza vitabu vya mitumba hapa Mbeya, fungua kwanza ukurasa wa yaliyomo. Nakala kamili ina sura 47. Zipo zinazoishia sura ya 23, kwa sababu kitabu kilitoka kwa awamu mbili, 1868 na 1869, na kule Uingereza sehemu ya pili iliuzwa peke yake kwa jina la Good Wives. Kwenye hiyo fupi utaukuta urafiki wa Jo, msichana ambaye ndiye mhusika mkuu, na Laurie, kijana wa jirani, lakini jaribu la urafiki huo hulioni.

Na mimi naisifu kwa ajili ya jaribu hilo. Jo anang'amua kwamba Laurie ameanza kumtazama kwa jicho jingine. Anaondoka kwenda New York, akidhani umbali utampoza. Wapi! Sura ya 35 Laurie anamwaga yote ya moyoni. Ameacha biliadi, amesoma mpaka kamaliza chuo kwa sifa, yote kwa ajili ya Jo, na kwa hesabu zake anadai jibu zuri. Jo anakataa: anampenda, ila si kwa namna hiyo, na wote wawili ni wepesi wa hasira na wagumu wa kukubali kushindwa. Hakuna mbaya hapo, ndiyo maana inauma. Vijana wanaopenda kusema "nimemfanyia kila kitu" waisome taratibu.

Sura ya 43 Laurie anarudi kamwoa Amy, mdogo wake Jo, na anataka urafiki uwe kama zamani. Jo hakubali hata hilo. Utoto umekwisha, sasa ni kaka na dada.

Profesa Bhaer, mume wa Jo, hakunikolea. Wasomaji walimtaka Laurie, Alcott akagoma, na huyu bwana ananuka mgomo.

Kiingereza chake ni cha kale, na sura za mwanzo zimejaa mafumbo ya John Bunyan, mwandishi wa kale wa vitabu vya dini. Mwanafunzi wa sekondari akikwama, aanze na ya 3, pale Jo mwenye gauni lililoungua nyuma anapokimbilia pazia la dansini na kumkuta Laurie kajificha humo humo. Kisha 21, 32, 35 na 43. Matoleo yaliyofupishwa yaache, yanabana mazungumzo, na utamu wote umo humo. Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, wanaitoa bure, kitabu namba 514 kwenye orodha yao, sehemu zote mbili. Chukua faili lisilo na picha, bando lisiumie.