Kukata bima ndogo ya IST ya mkononi: uzoefu wangu

Gari ni Toyota IST namba D, nimeinunua kwa mtu hapa Dar. Muuzaji akasema bima bado ina miezi, "we tembelea tu, kaka." Sikukubali, maana bima ile ina jina lake. Ukishahamisha umiliki TRA na kadi ikasoma jina lako, siku umegonga mtu kampuni ina sababu nzuri kabisa ya kukukana. Nikakata mpya kwa wakala wa mtaani.

Swali la kwanza la wakala: ndogo au kubwa? Ndogo kwa gari binafsi ilikuwa 118,000 kwa mwaka, yaani laki moja na VAT. Kubwa alinipigia asilimia 3.5 ya thamani ya gari, juu yake VAT. Kwa gari ya milioni 12 inafika 495,600. Nikachukua ndogo. Ndiyo sheria inayodai, na inamlipa uliyemuumiza au uliyemharibia mali. Bampa lako na taa zako utajijua mwenyewe, hayo ni ya bima kubwa. Kwa gari ya mkopo nisingethubutu.

Kulipa kwa simu ni dakika chache, hapo sina neno. Shida ilikuja baadaye. Wakala akanirushia kava noti, yaani karatasi ya bima, kwa WhatsApp, akaniambia tayari. Nikafungua TIRA MIS, mfumo wa mamlaka ya bima wa kuhakiki, palepale mezani kwake, nikaingiza namba ya gari: hamna kitu. Hela ameshapokea! Akaanza "mtandao unasumbua, bosi wangu, nenda tu itaonekana." Nikavuta kiti. Trafiki siku hizi haangalii karatasi, anaingiza namba kwenye simu yake, na kisichoonekana kwenye mfumo kwake hakipo. Baada ya simu mbili tatu za wakala kwa watu wake, ikasoma: jina langu, kampuni, tarehe ya kuanza na kuisha.

Angalia na matumizi yaliyoandikwa. Huyu alikuwa tayari kuandika "binafsi" bila hata kuniuliza. Mimi ni binafsi kweli, lakini wenye teksi mtandao wanaandikiwa hivyohivyo ili walipe kidogo, halafu wakipata ajali na abiria ndani ndipo wanajua kampuni inaweza kuwakana.

Mfumo wa kuhakiki naupa nyota tano. Wakala nampa mbili, na ya pili ni kwa sababu alininunulia soda nilipokuwa nasubiri. Mwakani nakwenda ofisini kwa kampuni yenyewe, bei ni ileile.